Asilimia Kumi ya Mguu

Wakili aliyechukua kesi ya mguu wa mwanangu alikuwa na ofisi Changamwe, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi. Mawakili wenzake walikaa mjini, karibu na mahakama. Yeye alikaa Changamwe makusudi. Dirisha lake lilitazama barabara ya Nairobi, na trela zilipita chini yake kutwa nzima zikitoka bandarini, vioo vikitetemeka, vumbi likiingia mpaka kwenye chai. Siku ya kwanza nilipomuuliza anavumilia vipi kelele ile, aliniambia, "Dada, kazi yangu yote yapita hapo chini. Mimi nakaa nikiitazama."

Nilimchukia kwa neno hilo. Naliweka mbele kabisa ili anayetaka hadithi ya shukrani akatafute kwingine. Watu wengi wa Kisauni na Changamwe wanamsifu hadi leo. Wanamwita wakili wa malori, na kuna mjane wa Miritini, ukimsema vibaya mbele yake atakutoa nyumbani kwake. Yako mambo aliyoyafanya vizuri na nitayataja, maana sikulelewa kusema uongo. Lakini mimi ndiye niliyeandikwa kwenye karatasi ya mahakama kwamba nilichangia kuvunjika kwa mwanangu, na yeye alikuwa wakili wangu, hakuwa wakili wa lori.

Tulikuwa tunakaa Utange, mimi na mamangu na binti yangu wa miaka minne. Baba yake alishaniacha. Alipopata habari ya ajali alituma salamu kwa ndugu yake: "Si nilisema huyu hajui kulea." Hilo ndilo jambo la pekee alilochangia, na kwa hiyo simtaji tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, nafundisha watoto wa chekechea asubuhi mbili au tatu kwa wiki. Barabara iliyopita mbele ya nyumba yetu ilikuwa ya vumbi, na malori yalishuka kutoka Mwakirunge kwenye timbo, yale mashimo wanakochimba mawe ya kujengea. Yalishuka yamejaa, yakarudi matupu, na yakirudi matupu yalikimbia zaidi. Tulikuwa tumezoea. Nyumba ilikuwa mbali na njia, hatua tisa, na katikati tulikuwa na ua wa makuti.

Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu. Kama saa nne asubuhi mtu akapita akisema bomba la msikitini linatoa. Mamangu alikuwa uani anakuna nazi, mtoto yuko naye. Nikachukua ndoo nikatoka, nikafuata kando ya barabara. Sijafika mbali nikasikia sauti nyuma yangu, "Mama, ningoje." Nikasema, "Rudi kwa nyanya." Sikugeuka. Nilikuwa nawahi foleni.

Lori likaja kutoka mbele, tupu, likanipita kwa kasi mpaka buibui likanipanda usoni. Halafu nikasikia makuti yakivunjika. Nilipogeuka lori lilikuwa limeulalia ua wetu, na mwanangu alikuwa chini, upande wa ua. Hakulia. Mamangu ndiye aliyelia. Hospitali waliukata mguu chini ya goti, mguu wa kulia.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu kesi yote ilikuja kusimama juu ya jambo moja dogo ambalo mtu wa kwetu hata halioni.

Wiki ya tano mtoto alikuwa amesharudi nyumbani. Siku ya Ijumaa baada ya sala wakaja wageni wanne: dereva wa lile lori, mjomba wake ambaye ni mtu mzima wa heshima, na wanaume wengine wawili wamevaa kanzu na kofia, tukadhani ni jamaa. Walikuja kuomba radhi. Mamangu akawatandikia mkeka, akapika kahawa na kaimati, kwa watu waliomkata mjukuu wake mguu, maana mtu akija nyumbani kwako kuomba radhi ndivyo inavyofanywa. Dereva hakuweza kunywa. Alitazama mlango wa chumba alicholala mtoto, akalia kama mtoto mwenyewe. Mjomba wake akasema, "Tumekuja na nyuso zetu chini. Kosa ni letu."

Mamangu akanikata jicho. Nilijua ananitaka niseme nini. Mgeni akijivika kosa lote nyumbani kwako humwachi nalo. Unamtua mzigo, hata kama una moyo kama kaa la moto. Nikasema kutoka mlangoni, "Ni majaaliwa ya Mungu. Na sisi pia tuna makosa yetu."

Nilifundishwa kusema hivyo kabla sijajua kusoma. Mtu akikukanyaga unamwambia "ni mimi nilikaa njiani." Akivunja kikombe chako unamwambia "hata hivyo kilikuwa na ufa." Wakaondoka, na mjomba akasema tuwawie radhi kwa kutuchosha, na mamangu akasema wametufurahisha.

Mwanamke mmoja tuliyelala naye wodini, ambaye mwanawe aligongwa na trela, ndiye aliyenielekeza Changamwe. Nilikwenda nikampa wakili shikamoo yake, akanijibu marahaba, akauliza hali ya mamangu, ya mtoto, ya majirani, ya nyumba, vile mtu wa ukoo wa zamani anavyouliza, hana haraka. Alikuwa mtu wa hapa hapa, Kiswahili chake cha Mvita kitupu. Nilistarehe. Hilo lilikuwa kosa langu la kweli, na halikuandikwa popote.

Mezani alikuwa na lori la mkebe, la kuchezea watoto, magurudumu ya ndara. Alikuwa akilitumia kwa kila mteja. Alinisogezea na kipande cha chaki na kizibo cha soda.

"Lori liweke lilipokuwa."

Nikaliweka.

"Chaki ni mtoto. Yuwapi?"

Nikaiweka chaki kando ya kitabu, kitabu ndio ua.

"Na kizibo ni wewe."

Nikakiweka kizibo mbele.

"Waangalia wapi?"

"Mbele. Bombani."

"Alipokuita, uligeuka?"

"Sikugeuka."

Akakichukua kizibo akakitia mfukoni. "Basi wewe humo," akasema. "Hukuona kitu, huna la kusema. Kesi hii ni ya lori na ua."

Nasema ukweli, alifanya kazi. Alikuja Utange mwenyewe mchana wa jua kali, akavua koti, akalala kifudifudi kwenye vumbi akipima kwa kamba kutoka ukingo wa njia mpaka kwenye nguzo zilizovunjika, majirani wakamzunguka wakimcheka. Mwanamke mmoja akamwuliza, "Bwana wakili, wapima kaburi?" Akajibu akiwa chini, "Napima la mwenye lori, mama." Lori lilikuwa limemkwepa mtu wa mkokoteni aliyebeba madumu ya maji, na mtu yule alikimbia siku ileile kwa kuogopa polisi. Wakili alimtafuta miezi mitatu akampata Likoni, anauza kuni, akamshawishi aje kusema alichoona. Hakuna wakili mwingine ambaye angefanya hivyo kwa ajili ya mtoto wa Utange.

Lakini kazi ile alijifunza wapi? Mwenyewe alinieleza, siku moja ambayo mteja wake hakutokea na mimi nilikuwa nangoja karatasi. Ukutani alikuwa na ramani ya barabara mpaka Voi, ina pini nyekundu, kila pini ni kesi. Mazeras zilikuwa zimesongamana kama upele. Akanionyesha kwa kidole, kwa fahari, huyu alikufa, huyu alipofuka, huyu kondakta alibanwa katikati. Akasema miaka saba ya kwanza alifanya kazi upande wa pili, akitetea malori na kampuni za bima.

"Nilikuwa mzuri sana," akasema. "Hakuna aliyeniweza kwa kugawa lawama. Mtu angeuawa amelala kitandani mwake, mimi ningesema kitanda kilikuwa karibu na barabara."

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Kwa nini uliacha?"

"Nilimgawia mtu lawama, baadaye nikakutana na mkewe sokoni Kongowea. Akaniamkia. Hakujua mimi nani. Akanipunguzia bei ya maembe. Sikuweza kuyala. Nikahama upande."

Nilidhani amehama kweli. Mtu huweza kuhama nyumba akaja na kunguni wake.

Mwaka wa pili barua ikaja. Mwenye lori alikuwa ameomba mahakama iniunganishe kwenye kesi, si kama mama wa mtoto, kama mkosaji. Mtoto wa miaka minne sheria haimlaumu, kwa hiyo lazima atafutwe mkubwa wa kulaumiwa. Wananiita mtu wa tatu. Mimi niliyemzaa nikawa mtu wa tatu, nyuma ya lori na dereva.

Nilikwenda Changamwe siku hiyo hiyo. Sikumwamkia. Aliona kuwa sikumwamkia, na mtu wa kwao huliona jambo hilo kuliko tusi.

"Keti," akasema.

"Nasimama."

"Walikuja nyumbani kwenu kuomba radhi?"

"Walikuja."

"Ukawaambia nini?"

Nikamwambia. Akafumba macho. Akasema mmoja wa wale wawili waliovaa kanzu hakuwa jamaa ya mtu. Alikuwa karani wa mwenye timbo, ndiye huyo huyo mwenye lori. Alipofika kazini aliyaandika maneno yangu, akatia tarehe na sahihi, na karatasi hiyo sasa iko mikononi mwa wakili wao.

"Wewe ni mtu wa hapa," nikamwambia. "Wajua maneno yale ni nini."

"Mimi nayajua. Hakimu ni mtu wa bara. Kwao mtu akisema ana kosa, ana kosa."

"Basi mweleze."

Alifungua droo akatoa karatasi iliyochapwa tayari. Nakwambia ilikuwa tayari, hakuichapa siku ile. Ilisema pande zote zimekubaliana: lori theluthi mbili, mama theluthi moja. Mtoto atalipwa, kesi itafungwa, hakuna atakayesimama mbele ya hakimu. Chini palikuwa na mstari na jina langu limeshaandikwa, linangoja sahihi.

"Theluthi moja ya nini?" nikamwuliza.

"Ya lawama. Ni karatasi tu, dada. Hakuna atakayeisoma. Mtoto atapata mguu wa bandia mwaka huu, si mwaka wa tano toka sasa. Wamjua hakimu yule? Akikuamini wewe asilimia mia, mimi nitalivua koti hili niliuze."

"Yeye ataisoma."

"Nani?"

"Mtoto. Kesi ni yake. Akifika darasa la sita ataisoma, na Kiingereza atakuwa anakijua."

Akaweka kalamu juu ya karatasi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia kichaa, "Kesi zote za malori hugawanywa. Nimefanya mamia. Sijaona lori likapata lawama lote. Huo ndio utaratibu."

"Utaratibu wako. Tia sahihi wewe. Miguu yako yote miwili ipo."

Akawa mkali kwa mara ya kwanza. "Hasira hiyo usiende nayo mahakamani."

"Sina nyingine ya kwenda nayo."

Nikatoka. Pale nje kwenye benchi walikuwapo watu saba wanangoja, wawili na bendeji. Wote walikuwa wamesikia. Mzee mmoja akanisogezea miguu nipite, akasema, "Mwanangu, huyu ndiye bora tuliye naye." Nikamwambia ndiyo maana nimekasirika.

Nyumbani mamangu alisema nitie sahihi. Kwake yeye mguu ulikuwa muhimu na jina langu halikuwa muhimu, na siwezi kumlaumu, alikuwa akimbeba mtoto mgongoni kwenda chooni. Mtoto alikuwa na magongo ya mbao aliyotengenezewa na fundi wa vitanda, akayapita kwa urefu, akawa anainama kama kikongwe. Nililala na jambo hilo miezi. Lakini nilipofikiria kalamu ile, mkono ulikataa. Nilimtumia wakili ujumbe kwamba sitii. Naye, nasema ukweli, hakuniacha. Angeweza kuniacha.

Kesi ikasikizwa mwaka wa nne. Siku ya kutoa ushahidi alinisimamisha barazani mwa mahakama, mjini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wakikuuliza kama uligeuka, sema hukumbuki. Miaka minne imepita. Hakuna atakayeshangaa."

"Nakumbuka."

"Nakuomba, mwanangu."

Sijui kwa nini alisema mwanangu. Alikuwa ananiita dada siku zote.

Niliapa kwa msahafu. Wakili wa mwenye lori alikuwa kijana, miwani, viatu vinang'aa, anazungumza Kiingereza na karani wa mahakama anatafsiri, na mimi namwelewa kabla ya tafsiri, kwa hiyo kila swali lilinipiga mara mbili. Aliniuliza kama nilisema kwamba nasi tuna makosa yetu. Nikasema nilisema. Makosa gani? Nikasema hakuna, ni adabu.

"Adabu ya kusema uongo?"

"Adabu ya kumpa mgeni nafasi ya kunywa kahawa."

Hakimu aliinua uso akanitazama, kisha akaandika.

"Mtoto alipokuita uligeuka?"

Nikamwona wakili wangu ametazama meza. Msahafu ulikuwa bado uko pale kando.

"Sikugeuka," nikasema. "Nilimwambia arudi kwa nyanya yake. Sikugeuka kwa sababu maji yalikuwa yamekatika siku tatu na nilikuwa nawahi. Ningegeuka ningeona lori likitoka njiani, na leo ningekueleza lilivyotoka. Lisingerudi njiani kwa kuwa mimi nimegeuka."

Karani akatafsiri nusu yake tu. Nikamwambia aseme yote. Hakimu akaniambia nijibu maswali.

Mchana akapanda yule karani wa timbo, amevaa suti. Wakili wangu akainuka. Hapo ndipo nilipoona kwa nini watu hupanda ngazi za duka la matairi.

"Siku ile ulivaa nini?"

"Kanzu."

"Na kofia?"

"Na kofia."

"Huenda na kanzu kazini, timboni?"

"La."

"Ulipoingia ulisema wewe nani?"

"Sikuulizwa."

"Ulipewa kahawa?"

"Nilipewa."

"Ulikula kaimati ngapi?"

Watu wakacheka. Karani akasema hakumbuki.

"Maneno ya mama wayakumbuka yote hata nukta. Kaimati huzikumbuki." Akageuza kurasa zake bila kuzisoma. "Mlipokuwa mwaondoka, mzee wenu aliwaambia nini wenye nyumba?"

"Alisema watuwie radhi kwa kuwachosha."

"Mliwachosha vipi?"

"Hatukuwachosha. Ni maneno ya kuagana tu."

"Ni maneno tu," akasema wakili wangu, akaketi.

Nilitaka kufurahi. Badala yake nikashikwa na hasira, maana alikuwa ameyamaliza kwa dakika tano. Miaka miwili aliniambia hakimu hawezi kuelezwa. Angeweza kumweleza. Alikuwa na uwezo huo ofisini mwake siku aliyonitolea karatasi ya theluthi, na alichagua njia aliyoizoea.

Hukumu ilisomwa miezi minne baadaye. Mtu wa mkokoteni aliaminiwa, vipimo vya ua viliaminiwa, maneno ya kahawa yalitupwa. Lori asilimia tisini. Halafu hakimu akasoma sentensi ambayo naijua kwa moyo kwa Kiingereza chake, na kwa Kiswahili inasema kwamba mama mwangalifu, akisikia mtoto mdogo anamwita kando ya barabara ya malori, angegeuka. Mama, asilimia kumi.

Barazani wakili alinipa mkono. Alikuwa anatabasamu kwelikweli, jasho linamtoka. "Tisini," akasema. "Sijapata tisini tangu nianze kazi. Kumi si kitu, dada."

"Ni kidole gani?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Mguu waliomkata mwanangu. Kumi katika mia niliyoikata mimi ni kidole gani? Au kisigino?"

Alicheka, alidhani natania. Baadaye niliambiwa kuwa alikuwa akiwasimulia mawakili wenzake maneno hayo kwenye chakula, na wote walicheka.

Nilimwambia akate rufaa. Sikutaka tisini na tano, nilitaka ile kumi iondoke. Alinipandisha Changamwe, akaniketisha, na safari hii niliketi kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Akanieleza bila kupamba: nikikata rufaa, na wao watakata. Majaji wawili au watatu watasoma kwamba sikugeuka, nimekiri kwa kiapo, na maneno ya kahawa yatafufuliwa. Inaweza kuwa sufuri. Inaweza kuwa hamsini. Itachukua miaka mitatu, minne, na mpaka iishe mtoto hagusi chochote.

"Ana miaka minane sasa," akasema. "Madaktari walisema mfupa ukikua bila mguu wa bandia, nyonga itapinda. Ikipinda haitengenezeki. Wewe ndiye mama. Niambie nifanye nini, nami nitafanya."

Trela ikapita chini, vioo vikatetemeka. Nikamtazama nikitafuta uongo usoni mwake. Haukuwapo. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwamba siku ile alikuwa mkweli.

"Kama ungepigana tangu mwanzo," nikasema, "nisingeapa nikiwa nimechoka. Ungeniandaa. Ungenifundisha kulijibu lile swali. Wewe uliniambia nisahau."

"Ni kweli."

"Kumi hiyo ni yako."

"Labda," akasema. "Lakini haitaandikwa kwa jina langu."

Nikatia sahihi kwamba sikati rufaa. Kalamu ilikuwa ikivuja na wino ukanipaka kidole, nikaondoka nao hivyo hivyo mpaka Utange.

Hatukuonana tena. Nasikia sasa ana vijana wawili wanaomsaidia, na mteja mpya akifika, kabla ya lori la mkebe, wanamwuliza: walikuja kuomba radhi, na mlisema nini? Mwanamke mmoja wa Mkomani, mteja wake, ndiye aliyenihadithia, akidhani nitafurahi kuwa nimewafaa wengine. Nilimwambia kwamba sikwenda Changamwe kumfundisha kazi.

Mguu ulipatikana mwaka ule. Fundi wa miguu alikuwa mzee mpole, karakana yake imejaa viatu vya upande mmoja. Alimkalisha binti yangu kwenye kiti kirefu, akapima kigutu, akavalisha soksi nene, akaanza kufunga mikanda. Mafundi huzungumza wakifanya kazi. Akamwuliza mtoto, si mimi, "Ilikuwaje, binti?"

"Lori lilitoka njiani," mtoto akasema.

"Na mama alikuwa wapi?"

Nilisimama karibu na mlango nimeshika kiatu kipya cha pili. Nilifungua mdomo. Miaka minne nilikuwa nalijibu swali hilo kwa polisi, kwa madaktari, kwa hakimu, na majibu nilikuwa nayo ya kila namna, makali na ya upole.

Mtoto alinitangulia. "Alikuwa mbele yangu," akasema. "Ana ndoo."

Hakusema zaidi, wala hakunitazama. Alikuwa anatazama mguu. Fundi akakaza mkanda wa mwisho, akamshika mabega, akamwambia asimame, na mwanangu akasimama, akaniomba nimletee kiatu.